Maswali Yenu Kuhusu Vitabu vya Kale

Nina Biblia ya babu ya 1962. Inauzwa shilingi ngapi? (Mukono)

Kidogo sana. Biblia za miaka hiyo zilichapwa kwa maelfu. Na jamani, kabla ya kuniuliza bei, tumeni picha ya ukurasa wa jina, ya nyuma yake penye mwaka na mchapaji, na ya mgongo wa kitabu. "Ni cha zamani sana" si maelezo. Ukikuta Biblia ya Kiganda ya zamani za wamisionari, finyu na nene kama tofali, hapo niandikie mara moja. Ilipewa umbo hilo iingie kwenye kopo la biskuti la Huntley & Palmers, mchwa wasiifikie.

Nimepata In Darkest Africa ya Stanley, chapa ya 1890. Nimetajirika? (Entebbe)

Bado. Kiliuzwa sana wakati wake. Hakikisha juzuu zote mbili zipo na ramani za kukunja hazijachomolewa. Bila ramani, mnunuzi makini ataondoka.

Kinachonikera ni kwamba kila mtu anamkimbilia Stanley. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini ni nani anayetafuta majarida yake ya wakati huo? Vijitabu vya East African Literature Bureau, shirika la kuchapisha vitabu lililoanzishwa 1948, vinafungiwa karanga. Havina jalada gumu, karatasi yake ni dhaifu, na hakuna aliyeona haja ya kuvihifadhi. Ndiyo maana vinaadimika kuliko safari za Wazungu. Nunua hivyo.

Vidudu vimetoboa kurasa. Nipulize dawa ya mbu? (Jinja)

Usithubutu, italeta madoa. Funga kitabu kwa karatasi safi, kitie kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nzito, kamua hewa, ziba kwa utepe. Weka kwenye friza ya nyuzi -18 au chini zaidi kwa wiki mbili. Umeme ukikatika hadi baridi ikaisha, anza kuhesabu upya. Ukikitoa, usifungue kaveera kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa utatua kwenye karatasi baridi na utapata ukungu badala ya vidudu. Baridi haiui ukungu, huulaza tu; dawa yake ni hewa kavu, chini ya asilimia 60 ya unyevu. Mchwa nao hutoka ukutani, kwa hiyo sogeza rafu sentimita 10 kutoka ukutani na ushughulikie kichuguu chenyewe.

Ukurasa umechanika. Selotepu inafaa? (Mbale)

Haifai. Gundi hugeuka njano na kuzama kwenye karatasi. Plastiki hubanduka, doa hubaki. Wala usilaminishe: joto na plastiki havirudishiki nyuma. Weka vipande ndani ya bahasha na uviache hivyo.

Tuna gazeti la kanisa la miaka ya 1930. Tulisambaze kwa WhatsApp? (Masaka)

Sambazeni, ila si kama picha za kawaida, maana WhatsApp huzibana hadi herufi ndogo zinavurugika. Tumeni PDF kama dokumenti. Skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 300, au 400 kama herufi ni ndogo, kwa rangi, na mtunze TIFF za asili (faili kubwa za picha) kwenye diski mbili. Mkitumia simu, ishikeni sambamba na ukurasa, mwanga utoke dirishani, flashi izimwe. Msilazimishe kitabu kulala wazi kabisa, mgongo utavunjika.

Pigeni kila ukurasa, hata matangazo, hata mweupe, hata ulioandikwa kalamu pembeni. Wengi hukata ukurasa wa jina "kwa sababu hauna habari". Makala isiyo na jina la gazeti, mwaka na toleo haimsaidii mtafiti yeyote. Faili ziitwe kwa mwaka, jina na namba: 001, 002. Kisha pelekeni nakala Maktaba ya Makerere. Na msihangaike na Uganda Journal ya tangu 1934: University of Florida imeshaiweka mtandaoni.

Kitabu ni cha 1965. Nikiweke mtandaoni? (Fort Portal)

Inategemea mwandishi amefariki lini. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baadaye. Apolo Kagwa, waziri mkuu wa Buganda aliyeandika vitabu, alifariki 1927, vitabu vyake ni huru. Aliyefariki 1990 analindwa hadi 2040, kitabu kiwe cha 1965 au 1945.

Muuzaji ana vitabu vyenye muhuri wa maktaba, bei poa. Ninunue? (Kampala)

Tafuta muhuri wa pili unaoonyesha maktaba ilikiondoa yenyewe. Kama haupo, usinunue.