Imeili zako zimejaa =20 na =3D? Usikimbilie kufuta

Watu wengi wakitaka kutoa maandishi masafi kwenye rundo la imeili wanaona =3D na =20 zimetapakaa kila mahali basi wanaanza kuzifuta moja moja kwa sed (programu ya kubadilisha maandishi kwa amri). Usifanye hivyo ndugu yangu, zile sio takataka. Ni usimbaji unaitwa quoted-printable, =3D ndio alama ya = yenyewe, =20 ni nafasi, na ukikuta = peke yake mwisho wa mstari ujue sentensi inaendelea chini, imekatwa tu kwa sababu huo usimbaji haukubali mstari uzidi herufi 76. Ukifuta kijingakijinga utabaki na "mku" huku na "tano" mstari wa pili, na linki zote ndefu zishakufa.

Mimi hiyo kazi naiachia Python, ile lugha ya programu. Faili la mbox (faili moja lenye imeili nyingi zilizofuatana) nalifungua na moduli ya mailbox, napitia ujumbe mmoja mmoja, sehemu ya text/plain (yaani maandishi matupu) naiitia get_payload(decode=True), inanirudishia baiti zilizofunguliwa tayari iwe ni quoted-printable au base64 (usimbaji mwingine wa imeili), halafu nageuza kuwa maandishi kwa kuangalia charset (jina la mfumo wa herufi uliotumika). Na charset nayo usiiamini sana, imeili nyingi za zamani zinasema iso-8859-1 kumbe ni windows-1252.

Hapo sasa ndio rejeksi (regex, ruwaza ya kutafutia maandishi) iingie. Alama za kunukuu, zile zinazowekwa mwanzo wa mstari mtu akijibu imeili, nazitoa hivi:

sed -E 's/^(> ?)+//'

Wengi wanaandika ^[> ]* na inaonekana inafanya kazi, ila inakula hadi nafasi za mwanzo wa mstari, sasa kama mtu alibandika kodi ya programu ya Python humo ndani, ambayo inategemea nafasi hizo, imekwisha hiyo.

Kama unataka kufuta kabisa mistari yote yenye > nayo ina mtego wake, kwenye mbox mstari wa kawaida ukianza na neno From unawekewa > mbele ili usidhaniwe ni mwanzo wa ujumbe mwingine, kwahiyo >From isiyo na nafasi katikati mara nyingi ni maneno ya mwandishi mwenyewe, sio nukuu.

Saini ni rahisi, tafuta ^-- $ (ile nafasi baada ya vistari viwili ipo kweli, sijakosea kutaipu) kisha kata kila kitu chini yake. Wanaoandika saini bila hivyo vistari, hao nawaacha walivyo, ukilazimisha utakata na ujumbe.