Kukausha yungiyungi kwa ajili ya hebaria

Mdogo wangu, unasema mayungiyungi uliyochuma Ziwa Victoria kwa ajili ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, yameoza ndani ya magazeti, na hujui uandike nini kwenye lebo. Mimea hii imejaa maji, kwa hiyo badilisha magazeti kila siku, siku za mwanzo hata mara mbili. Ua lipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini ili sehemu za ndani zionekane. Bua nene nalo lipasue. Majani laini yanayokaa chini ya maji usiyatandaze kwa vidole, yatagandamana tu. Yaache yaelee kwenye sinia la maji, pitisha karatasi ngumu chini yake, kisha inyanyue polepole maji yakichuruzika.

Lebo iandike pale pale ufukweni. Rangi ya ua kwanza, maana buluu hufifia ikikauka. Kisha tarehe, kina, maji yametuama au yanatiririka, jani linaelea au limezama. Na mahali hasa: "Ziwa Victoria" peke yake haisaidii, ziwa hilo liko nchi tatu! Chuma nakala mbili za mmea, moja uipeleke hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au ile ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi.