Anza na saa za ziada

Mkuu, umeuliza kama Project 2025, waraka wa mapendekezo ya sera wa Heritage Foundation, taasisi ya kihafidhina, inamgusa mfanyakazi wa kawaida Marekani. Inamgusa, tena mfukoni. Sheria ya kazi ya Marekani ya 1938 inahesabu kwa wiki: ukivuka saa 40, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Waraka ule unataka hesabu iweze kufanywa kwa wiki mbili au nne. Yaani ukipiga saa 50 wiki hii na 30 wiki ijayo, malipo ya ziada ya zile 10 yanayeyuka. Watetezi wanasema ni unafuu wa ratiba. Unafuu wa nani?

Kwa mazingira, waraka huo unapendekeza kuivunja NOAA, idara inayofuatilia bahari na hali ya hewa, na kupitia upya uamuzi wa 2009 wa EPA, idara ya kulinda mazingira, kwamba gesi joto zinahatarisha afya, uamuzi uliobeba kanuni za moshi wa magari.