Geuza Pakiti, Soma Mgongoni

Wasomaji wetu wa Mtwara na Lindi wametuletea maswali kuhusu chakula cha paka cha dukani. Tumechagua matano na kufupisha maelezo ya waulizaji.

SWALI: Shikamooni. Hapa mjini kuna duka linalopima chakula cha paka kwa kilo. Muuzaji anachota kwenye mfuko mkubwa, anakufungia kwenye kifuko cheupe kinachoonyesha, na bei ni nafuu kuliko pakiti iliyofungwa kiwandani. Nitajuaje kama chakula chenyewe ni kizuri? *Msomaji, Shangani, Mtwara*

JIBU: Marahaba. Kwa kukitazama hutajua. Umbo la samaki na rangi nyekundu na kijani vimewekwa kumpendeza mnunuzi. Paka anachagua kwa harufu. Yote ya kukusaidia kuamua yameandikwa kwenye ule mfuko mkubwa, na wewe umeondoka dukani bila mfuko.

Kwa hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe mfuko wenyewe, ugeuze, upige picha upande wa nyuma. Akikataa, au akisema mfuko ulishatupwa, usinunue. Akikubali, tafuta kwanza sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi ndogo: "complete and balanced", au kwa bidhaa za Ulaya "complete pet food". Maana yake ni kwamba paka anaweza kuishi kwa chakula hicho peke yake. Ukikuta "complementary" au "treat", hicho ni kitafunwa, hata kama mbele kuna picha ya paka aliyenona. Sentensi hiyo pia hutaja umri: "adult" ni paka mzima, "kitten" au "growth" ni mtoto, "all life stages" ni wote. Paka mtoto apewe cha mtoto mpaka afikishe miezi 12.

Kwa nini tunang'ang'ania sentensi hiyo? Kwa sababu paka ni mla nyama kwa maumbile, na mwili wake hauwezi kujitengenezea vitu ambavyo sisi tunajitengenezea. Hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A. Taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, anaitengeneza kidogo mno. Taurini ikipungua, moyo hutanuka na kulegea, na macho huharibika kwa ndani hadi upofu. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kuwa paka waliokuwa wakipata ugonjwa huo wa moyo walikuwa wakila hata vyakula vya viwandani vyenye taurini pungufu. Baada ya hapo watengenezaji wakaiongeza. Leo viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, vinataka taurini isipungue asilimia 0.10 kwenye chakula kikavu na 0.20 kwenye cha kopo, kwa hesabu iliyoondolewa maji.

Kisha soma orodha ya viambato. Huandikwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Nyama, kuku, samaki au unga wa kuku vikiwa mwanzoni, ni dalili nzuri. Mahindi yakitangulia na nyama ikawa ya tano, unanunua uji mkavu. Neno la mbele nalo lipime: chini ya kanuni za Marekani, pakiti iliyoandikwa "with chicken" inatosha kuwa na kuku asilimia 3, na iliyoandikwa "chicken flavour" inatosha kuwa na ladha inayotambulika tu.

La mwisho ni nani anawajibika. Lazima kuwe na jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo ("batch"), na tarehe ya mwisho ya matumizi. Bidhaa iliyotengenezwa Afrika Kusini huwa na namba ya usajili inayoanza na herufi V, chini ya Sheria namba 36 ya mwaka 1947. Mkulima wa korosho wa huku kusini anaelewa hili haraka: gunia lisilojulikana limetoka chama gani halipiti ghalani. Chakula cha kupimiwa kikimdhuru paka, huna namba ya kumrudia mtu yeyote.

Na usiridhike na takwimu ya protini peke yake. Maabara hupima naitrojeni, kisha hukadiria protini kutokana nayo. Mwaka 2007 nchini Marekani vyakula vingi vya paka na mbwa viliondolewa madukani baada ya gluteni (protini ya ngano) kutoka China kukutwa na melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi iliyotiwa ili protini ionekane kubwa. Wanyama waliharibika figo. Ndiyo maana Jumuiya ya Madaktari wa Wanyama Wadogo Duniani, WSAVA, inashauri mnunuzi aulize kampuni: nani ametunga fomula, ana elimu gani ya lishe ya wanyama, kiwanda ni chao au cha kukodi, na kila toleo linapimwaje. Kampuni inayojiamini hujibu barua pepe.

SWALI: Pakiti ndogo ya mchuzi wa kuku imeandikwa protini 8.5. Ya punje imeandikwa 32. Mbona yenye nyama ndiyo yenye protini kidogo? Na ipi nimpe? *Mama wa paka wawili, Mikindani*

JIBU: Dada, hapo kinachokupoteza ni maji. Chukua pakiti zote mbili, angalia "moisture", yaani unyevu. Toa namba hiyo kwenye 100, halafu gawanya protini kwa kilichobaki na uzidishe kwa 100.

Ya punje: unyevu 10, kinabaki 90. Gawanya 32 kwa 90, unapata kama asilimia 36. Ya mchuzi: unyevu 82, kinabaki 18. Gawanya 8.5 kwa 18, unapata asilimia 47. Kumbe ya mchuzi ndiyo yenye protini nyingi zaidi maji yakiondolewa. Kiwango cha chini cha AAFCO kwa hesabu hiyo ni 26 kwa paka mzima na 30 kwa mtoto.

Wanga hauandikwi, lakini unaweza kuutafuta. Jumlisha protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu ("ash") na unyevu, kisha toa kwenye 100. Punje yenye protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 4, majivu 8 na unyevu 10 inabakiza 34. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya pakiti. Si sumu, kwa sababu punje haishikani bila wanga, lakini ukiwa na pakiti mbili za bei moja, chukua yenye wanga mdogo.

Kuhusu ipi umpe: paka mzima wa kilo 4 anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku. Hizo ni gramu 55 hadi 65 za punje, au pakiti 3 za gramu 85 za mchuzi. Ya mchuzi ni ghali kwa siku, ila inampa maji, na paka si mnywaji hodari. Ukiweza, changanya: gramu 40 za punje na pakiti 1. Pima kwa mizani ya jikoni mara ya kwanza, weka alama kwenye kikombe, kisha tumia kikombe hicho kila siku. Kukadiria kwa konzi ndiko kunakowanenepesha paka wa ndani.

Kama paka wako ni dume na anakula punje tupu, weka bakuli 2 au 3 za maji mbali na chakula. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara, analia, mkojo hautoki au unatoka matone, usingoje asubuhi. Njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

SWALI: Chakula cha mbwa ni rahisi kupatikana na ni nafuu. Paka anakipenda. Kuna ubaya? *Msomaji, Masasi*

JIBU: Kama mlo wa kila siku, upo ubaya. Mbwa hujitengenezea taurini, hivyo chakula chake hakilazimiki kuwekwa, na protini yake huwa chini ya mahitaji ya paka. Akidokoa kwenye bakuli la mbwa mara moja moja hatadhurika.

SWALI: Wahariri, sisi huku Kilwa Masoko dagaa na kibua havikosekani. Paka wetu wamekua kwa samaki miaka yote. Kuna haja gani ya kununua punje? Na huyu wangu nimemnunulia, kaigomea kabisa. *Mzee wa Kilwa*

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Paka anayezurura hali samaki peke yake. Anakamata panya, mijusi na ndege, anakula na matumbo, na humo anapata kilichokosekana kwenye dagaa. Paka anayefungiwa ndani na kulishwa samaki tupu hana pa kujazia.

Shida ya kwanza ni samaki mbichi. Baadhi yao, wakiwemo jamii za dagaa, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Paka akiendelea kuwala hivyo kwa wiki kadhaa, anaanza kukataa chakula, kisha anayumba, anainamisha shingo hadi kidevu kinagusa kifua, mwisho anapata degedege. Daktari akiwahi na sindano ya B1, wengi hupona. Kuchemsha huua kimeng'enya hicho, lakini kuanika juani hakutoshi. Shida ya pili ni samaki wa mafuta mengi, hasa jodari, akiliwa kila siku bila vitamini E ya kutosha: mafuta ya mwilini mwa paka huvimba na kuuma, hata ukimgusa tumbo analia. Shida ya tatu tunaijua wote wa pwani. Kibua au jodari aliyekaa juani baada ya kushushwa hujenga histamini, kemikali yenye sumu, na moto wa jikoni hauiondoi. Samaki ambaye wewe usingemla, usimpe paka.

Hatusemi uache dagaa. Fanya wawe nyongeza isiyozidi sehemu moja ya kumi ya mlo: gramu 5 hadi 7 za dagaa wakavu kwa siku, uwachemshe dakika 10, umwage maji yenye chumvi na mchanga. Usimchotee kwenye chungu cha familia, maana kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Kugoma nako kuna dawa yake. Dagaa hao ndio wenzo wako. Siku ya 1 hadi 3 weka robo punje na robo tatu ya mlo aliouzoea. Siku ya 4 hadi 6 nusu kwa nusu. Siku ya 7 hadi 9 punje robo tatu. Siku ya 10 punje yote, dagaa wakibaki kuwa nyongeza. Saga dagaa mmoja aliyechemshwa, unyunyize unga wake juu ya punje, na ulowanishe kwa kijiko cha maji ya uvuguvugu ili harufu ipande. Usimshindishe njaa kwa kusema "atakula tu". Paka asiyekula siku 2 au 3, hasa mnene, mafuta humvamia ini, na hapo hali huwa mbaya haraka. Akigoma siku nzima, rudi hatua moja nyuma.

SWALI: Nilinunua mfuko wa kilo 10 kwa paka mmoja ili kuokoa hela. Sasa mvua zimeshika, punje zimelegea, zina harufu kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa. Naweza kuzianika? *Msomaji, Lindi mjini*

JIBU: Usianike, tupa. Tunajua inauma. Punje ikishatoka kwenye mashine hupuliziwa mafuta juu, na hayo ndiyo yanayompa paka hamu. Mafuta hayo yako nje, kwa hiyo ndiyo yanayokutana na hewa kwanza na kuchacha, yakiharibu na vitamini A na E. Punje kulegea ni ishara kwamba zimenyonya unyevu, na penye unyevu, mahindi na joto, kuvu huota. Kuvu huweza kutoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa jua wala kwa kuchemsha.

Hesabu ya mfuko ilikuangusha. Paka mmoja anakula gramu 60 kwa siku, kwa hiyo kilo 10 zinakwenda siku 166. Mfuko ukishafunguliwa, wiki 6 ni nyingi, na kwa joto la pwani yetu kati ya Desemba na Aprili sisi tungesema wiki 4. Kwa paka mmoja nunua kilo moja na nusu. Mfuko wa kilo 10 unawafaa wenye paka sita na zaidi. Tarehe ya mwisho iliyochapwa ni ya mfuko ambao haujafunguliwa, kwa hiyo andika kwa kalamu siku uliyofungua.

Usimimine punje kwenye ndoo. Mfuko wa kiwandani una utando wa ndani unaozuia mafuta na hewa. Ukunje mdomo, ubane kwa kibanio cha nguo, kisha uutumbukize mzima kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza. Weka ndoo juu ya ubao, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Usiweke kwenye friji, maana kila ukitoa, matone ya maji hushika punje. Mfuko ukiisha, osha ndoo kwa sabuni na uikaushe kabisa kabla ya kuweka mwingine, kwa sababu mafuta ya zamani yaliyobaki ukutani huchachua mapya.

Kwa chakula cha kopo, acha lililovimba au lenye kutu kwenye mshono. Likishafunguliwa, hamishia kwenye chombo chenye mfuniko, weka friji, na limalizike ndani ya siku 2. Kilichomo kwenye bakuli kisikae zaidi ya saa 1. Kama sisimizi wanakuwahi, weka bakuli katikati ya sahani yenye maji kina cha kidole kimoja, na ubadilishe maji hayo kila asubuhi.