Baba Yuko Nyumbani: Barua za Msimu wa Joto

Ukurasa huu hujibu barua za wazazi, hasa akina baba wanaoshinda na watoto wadogo. Anayejibu ni fundi friji wa Tanga ambaye mkewe ni muuguzi wa zamu. Yeye hushinda nyumbani na binti wa miaka minne na mvulana wa mwaka mmoja na ushee, na spana huzishika Jumamosi tu.

Kaka, salaam. Mke wangu kamaliza siku 84 za likizo ya uzazi, karudi kazini Kariakoo. Mimi mkataba wangu umeisha, kwa hiyo niko nyumbani Mbagala na wawili: mmoja ana miaka mitatu, mdogo miezi minne. Asubuhi tunakwenda vizuri. Ikifika saa saba nyumba inawaka. Juu bati, umeme hauna uhakika, mdogo kajaa harara shingoni, mkubwa analia hata hajui anachotaka. Jirani ananisisitiza nimpe mdogo maji kwa sababu koo linamkauka. Nifanyeje siku iende?
*Baba K., Mbagala, Dar es Salaam*

Baba K., tuanze na maji, maana hayo hayasubiri. Mtoto wa miezi minne hapewi maji, hata Januari hii, hata jirani akija na kikombe chake mkononi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha mpaka atimize miezi sita. Joto likizidi, anyonye mara nyingi zaidi. Wewe angalia nepi. Zikilowa mara sita au zaidi kwa siku na mkojo si wa njano iliyokolea, koo halijamkauka.

Tatizo ni kwamba maziwa yako Kariakoo na mtoto yuko Mbagala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ileile iliyompa mkeo siku 84, inampa pia muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. (Wewe sheria hiyo ilikupa angalau siku tatu. Natumaini ulizichukua.) Kwenda Mbagala na kurudi mchana, saa hizo mbili zitaishia kwenye foleni. Wengi hukubaliana na mwajiri ziwekwe mwisho wa siku, mama akatoka mapema. Azungumze na bosi wake sasa, asingoje mtoto achoke.

Ya kutwa atakamua kabla hajatoka, na hapa nakujibu kama fundi. Maziwa yaliyokamuliwa huhimili kama saa nne kwenye chumba cha nyuzi 25. Chumba cha bati Mbagala mchana wa Januari kiko mbali sana na nyuzi 25, kwa hiyo usiyaache mezani. Gandisha chupa mbili za maji za lita moja na nusu usiku umeme ukiwepo, asubuhi zitie kwenye deli pamoja na vikombe vya maziwa vyenye vifuniko, deli liwe chini ya meza, mbali na dirisha. Kama unalo friji na umeme ukikatika, acha mlango ufungwe. Friji lililofungwa hukaa na ubaridi wake kwa karibu saa nne. Ukilifungua kila unapokumbuka kiu, ubaridi unamwagika sakafuni, kwa sababu hewa baridi ni nzito. Watu wananilipa niwatengenezee friji zisizo na ubovu wowote isipokuwa mikono ya wenye nyumba. Na mnyweshe kwa kikombe kidogo, uachane na chupa yenye chuchu. Kikombe unakiosha mpaka ndani ukakiona, chuchu inaficha uchafu.

Sasa siku yenyewe. Mimi yangu naigawa kwa jua. Kabla ya saa nne asubuhi kila cha nje kiwe kimekwisha: soko, kufua, kuchota maji, kuoga mara ya kwanza, na mkubwa awe amekimbia mpaka amechoka. Sisi tunatoka saa moja kwenda Mgandini, mdogo mgongoni kwenye kanga ya mama yake, mkubwa kashika kikapu kisicho na kitu ili ajione ana kazi. Chakula cha mchana nakipika asubuhiasubuhi. Nani awashe jiko la mkaa saa sita chini ya bati? Mchana tunakula kilichopoa: wali na maharage, au viazi na dagaa, na tikiti.

Kuanzia saa nne hadi saa kumi hatutoki. Hayo ndiyo masaa yanayokushinda, na nadhani yanakushinda kwa sababu bado unataka kuyafanyia kazi. Usipange kitu. Tandika mkeka kwenye saruji, sehemu ya nyumba iliyo mbali na jua la mchana, mara nyingi ukumbini. Godoro la sponji linashika joto la mwili, saruji inalinyonya. Fungua dirisha la upande wa kaskazini mashariki, maana kaskazi ndiyo inayovuma miezi hii, halafu na mlango wa upande wa pili, upepo upate pa kutokea. Dirisha moja peke yake haliingizi upepo. Feni nayo haipozi hewa hata kidogo. Inakausha jasho, na jasho likikauka ndipo mwili unapoa. Kwa hiyo mpanguse mtoto kwa kitambaa chenye maji ya kawaida kwanza, ndipo umwashie feni. Umeme ukikatika, ungo unatosha.

Na chandarua kishushwe hata mchana. Mbu wa malaria huuma usiku, lakini mbu wa dengue huuma mchana, na Dar mmeshaona milipuko yake mwaka 2014 na tena 2019. Huyo huzaliana kwenye maji masafi yaliyosimama: pipa lisilo na kifuniko, tairi, kifuu kilichosahaulika uani.

Harara ni vitundu vya jasho vilivyoziba. Ukijua hilo utajua mwenyewe cha kufanya. Usipake mafuta mazito, hata ya nazi, hata kama bibi kayatengeneza kwa mikono yake, kwa kuwa unaziba zaidi. Poda nayo iache, ikichanganyika na jasho inakuwa tope kwenye mikunjo ya shingo, na mtoto anaivuta puani. Muogeshe kwa maji ya kawaida mara mbili tatu kwa siku, sabuni mara moja tu, mkaushe mikunjo kwa kugusagusa, kisha alale uchi mkekani. Pampasi mchana wa joto iache kabisa ukiwa nyumbani; tumia nepi za kitambaa. Vipele vikitoka usaha, au mtoto akichemka, hiyo si kazi ya maji tena, nenda zahanati.

Wa miaka mitatu analia kwa sababu hana kazi na ana usingizi. Usimpe simu yako. Mpe ungo na maharage achague, polepole, hata akiyamwaga. Binti yangu ana jiko lake la mawe matatu, vifuu, na mchanga ambao ni pilau, na kila mchana mimi ndiye mgeni. Natakiwa kula na kusema chumvi imezidi. Nisiposema chumvi imezidi ananipikia upya. Kuna siku nimeshiba mchanga mpaka usingizi umenichukua kabla yao.

Saa kumi jioni tieni maji kwenye karai chini ya kivuli, yafike kifundo cha mguu basi, na wewe ukae hapohapo. Hata wa miaka mitatu huweza kuzama kwenye ndoo, bila kupiga kelele, wakati umeingia ndani kufuata taulo. Ukimaliza, mwagia miche. Jua la Januari linazama karibu na saa moja, kwa hiyo una muda mrefu wa uani kabla mama hajafika.

Kaka, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu, Kisauni. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, kazi ikaisha, sasa ndiye ashindaye na watoto. Mamake yuko kwetu tangu Disemba na kila amwonapo mwanawe akifua nepi hunung'unika: huyu amekaliwa, kuna kitu amelishwa. Sasa mume wangu anafua usiku na kuanika usiku asionekane. Pia ananiomba pesa ya sabuni kwa aibu, mpaka mimi naona aibu. Nimsaidieje?
*Mama S., Mombasa*

Dada, wa aleikum salaam. Kwetu wanasema limbwata, na kwa hesabu ya baraza la bao la Ngamiani nimelishwa gunia zima. Mwanzoni walikuwa wakiniuliza kwa kicheko, "Leo umepika nini?" Nikawajibu kwa urefu: ng'onda wa nazi, nazi nimekuna mwenyewe, ndimu nimetia mwisho, ukiitia mapema inakuwa chungu. Sasa wanauliza kwa sababu wanataka kujua. Mmoja alinifuata pembeni kuuliza uji wa lishe unachanganywaje ili usigande madonge. Changanya unga na maji baridi kwanza, dada, kama naye atakuuliza.

Na mama mkwe usibishane naye. Wewe ni mkaza mwana, neno lako moja litakuwa kumi kwa shangazi zake. Mwenye mdomo wa kumjibu ni mwanawe, naye amjibu kwa adabu na mchana: "Mama, watoto ni wangu." Halafu amwombe kitu anachokijua. Mama yangu alinyamaza siku nilipomwomba anifundishe kumkanda mtoto mwenye gesi. Tangu hapo analalamika kwamba nakanda vibaya, na hilo naliweza. Nguo nazo zianikwe juani. Nepi iliyoanikwa usiku mwambao huu inaamka na unyevu na harufu, na ngozi ya mtoto ndiyo inayolipa.

Lakini la pesa ndilo kubwa kuliko la nepi, na hapo, dada, naomba usinikasirikie. Mtu anayeendesha nyumba haombi sabuni. Kaeni Ijumaa moja, andikeni matumizi ya wiki: unga, maziwa, gesi, maji, nauli ya kliniki. Jumamosi asubuhi hela yote iingie kwenye M-Pesa yake, na ikiisha kabla ya wakati mkae tena muangalie bei, si muangalie yeye. Mke wangu hivyo ndivyo anavyofanya. Sijawahi kumwomba hela ya kibiriti, na yeye hajawahi kuniuliza nyanya zilikuwa ngapi.

Sheikh, sasa hivi Muscat tuna ubaridi mzuri, lakini naijua Julai. Mke wangu anafanya kazi, mimi nafanya kazi usiku kwa kompyuta na mchana nina watoto wawili wadogo. Mwaka jana tulifungiwa na kiyoyozi miezi mitatu mpaka wakawa wanapanda kuta. Nipe mbinu mapema.
*Baba wa Al Khuwair*

Ami, joto lenu ni la daraja lingine. Serikali yenu imepiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti, na hao ni wanaume wazima. Shemeji yangu aliyeko huko hutoka na wanawe baada tu ya Alfajiri, wanakimbia ufukweni Qurum, na jua likipanda wamesharudi kulala. Jioni wanangoja baada ya Magharibi, na hata hapo gusa bembea na telezi kwa kiganja chako kabla mtoto hajakaa. Chuma kinabaki na moto baada ya jua kuondoka.

Kiyoyozi kiweke nyuzi 25 au 26, kisimpulizie mtoto usoni, na chujio lake lioshe kila baada ya wiki mbili, vumbi la huko ni jingi. Watu wanashusha mpaka 18 wakidhani chumba kitapoa haraka. Hakipoi haraka, kinapoa kupita kiasi tu, na bili unaiona. Garini usimwache mtoto hata unapolipa mkate: ndani ya dakika kumi gari lililofungwa laweza kupanda nyuzi kumi na zaidi. Na kama mfuko unaruhusu, wapelekeni Salalah, kusini mwa Oman, wakati wa khareef, yaani msimu wa mvua wa huko, Julai au Agosti, wakaone manyunyu na milima ya kijani. Hizo kuta watazisahau.

Mwanangu wa miaka miwili anakula embe kutwa. Leo kamaliza dodo tatu kabla ya adhuhuri. Nimkataze?
*Msomaji, Muheza*

Usimkataze embe, mkatalie zile zinazochukua nafasi ya chakula. Ale wali wake na mboga kwanza, ndipo dodo moja, iliyooshwa kwa maji safi na kumenywa na wewe ukiwa umenawa. Tumbo likiharisha msimu huu wanalaumu embe, lakini mara nyingi ni mikono, nzi, na maji ya kuoshea.

Akiharisha, chukua paketi ya ORS, koroga kwenye lita moja kamili ya maji safi, mnyweshe kwa kijiko kila baada ya muda mfupi, na yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Paketi isipopatikana usiku huo: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari visivyorundikwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima, usikadirie, chumvi ikizidi inamdhuru. Zahanati watakupa na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Umalizie zote hata kama ameshapona siku ya tatu. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au ukiona damu kwenye choo, usingoje kupambazuke. Chukua kadi ya kliniki uende naye. Na muuguzi akikuuliza mama yuko wapi, mwambie yuko kazini, kisha umweleze ameharisha mara ngapi tangu asubuhi, maana wewe ndiye uliyekuwepo.