Fundi Anajibu: Laptopu inasuasua, simu inapaa

*Kaka fundi, assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Laptopu yangu ina miaka mitano, inatumia Windows 10. Tangu katikati ya mwaka jana intaneti yake inasuasua mno. Nikiingiza alama za wanafunzi, ukurasa unazunguka mpaka nasinzia. Simu yangu iko hapo hapo mezani, kwenye waifai ile ile, na video zinacheza bila kukwama. Kampuni ya intaneti walinishauri nipande kutoka megabiti 10 hadi 20. Nimepanda, nalipa zaidi kila mwezi, na hali haijabadilika. Ruta iko sebuleni, mimi nafanyia kazi chumbani, katikati kuna kuta mbili. Nikihamia sebuleni inakuwa afadhali. Nimesafisha virusi, nimefuta mafaili, nimezima na kuwasha. Mashine yenyewe haijawahi kuharibika, ila kioo tu kilipasuka nikabadilishiwa. Je, ninunue nyingine?*
— Mwalimu, Tanga

Wa aleikum salaam, dada yangu mwalimu. Usinunue nyingine. Na mwezi ujao, ukiweza, rudi kwenye megabiti zako 10, kwa sababu hizo 10 za ziada unazilipia lakini hazikufikii. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikisoma jicho linasimama pale pale ulipopita haraka: kioo kilipasuka ukabadilishiwa. Nitafika hapo. Kwanza tupime, maana fundi anayefungua mashine kabla ya kupima anabahatisha kwa mali ya mtu.

Safari ya intaneti ina vipande viwili. Kimoja ni kutoka laptopu yako hadi ruta, hapo hapo ndani ya nyumba, hewani. Cha pili ni kutoka ruta kwenda nje, kwa kampuni, na kutoka huko kwenda duniani. Ukiongeza bando unapanua kipande cha pili peke yake. Kama kilichoziba ni cha kwanza, hata wakikupa megabiti 100 utaendelea kusinzia.

Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Andika ipconfig, utafute mstari wa "Default Gateway". Namba iliyo mbele yake ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Sasa andika ping, acha nafasi, kisha namba hiyo. Laptopu itaigongea hodi ruta mara nne na kukuonyesha kila jibu limechukua milisekunde ngapi. Nyumba yenye afya inajibu kwa milisekunde 2, 3, labda 10. Ukiona 180, kisha 40, kisha "Request timed out", basi shida iko ndani ya nyumba yako na kampuni haihusiki. Ikiwa ruta inajibu upesi, rudia kwa kugonga mbali, ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje. Huko kukiwa ndiko kunakokwama, hapo una haki ya kuwapigia simu.

Zipo siku kosa ni la nje kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilikatika, na ukanda wetu huu ukalegea, bara na visiwani. Lakini siku kama ile simu na laptopu hulala pamoja. Kwako simu inakimbia na laptopu inatambaa, mezani pale pale, saa ile ile. Ushahidi huo umeuleta mwenyewe kwenye barua, na unatosha kuiondolea lawama bahari.

Amri ya pili ni hii: netsh wlan show interfaces. Iandike ukiwa chumbani. Tazama mambo matatu. "Signal" ni nguvu ya mawimbi kwa asilimia. "Channel" ni chaneli, yaani njia ya hewani ambayo waifai yako inapita, na njia hizo ziko kwenye mikanda miwili ya mawimbi: kuanzia 1 hadi 13 uko kwenye mkanda wa gigahezi 2.4, na kuanzia 36 kwenda juu uko kwenye ule wa gigahezi 5. "Receive rate" ni kasi ambayo laptopu na ruta wamekubaliana kuzungumza kwa dakika hiyo. Ziandike kwenye karatasi. Kisha hamia sebuleni, kaa hatua mbili kutoka kwenye ruta, upime tena.

Kasi hiyo ya makubaliano inahitaji maelezo kidogo. Mawimbi yakidhoofika, waifai haikatiki moja kwa moja. Inapunguza mwendo, kama mtu anayezungumza na bibi asiyesikia vizuri: anatamka polepole, anarudia. Laptopu ya kawaida yenye antena mbili, kwenye gigahezi 2.4, inaweza kukubaliana na ruta megabiti 144. Ikibaki na antena moja inashuka hadi 72. Mawimbi yakiwa hoi inateremka mpaka 6.5, na hapo bado maneno mengi yatarudiwa. Hewa nayo ni moja kwa nyumba nzima, anayesema polepole anawachelewesha wenzake. Laptopu yako ikiumwa, hata simu za watoto zinapunguziwa zamu.

Sasa nije kwenye kioo. Katika laptopu nyingi antena hazikai chini kwenye kibodi. Zimo kwenye mfuniko, zimefichwa juu au ubavuni mwa kioo, kwa sababu pale juu zinapata hewa. Kutoka huko zinashuka nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, kwa kawaida mmoja mweusi na mmoja mweupe. Zinapita ndani ya bawaba na kuingia kwenye kadi ya waifai, kile kibao kidogo kinachopokea na kutuma mawimbi, huku chini. Kila waya una kichwa cha duara chenye rangi ya dhahabu, kidogo kuliko punje ya mchele. Kichwa hicho hakifungwi kwa skrubu. Unakiweka sawasawa juu ya kituo chake, unakikandamiza kwa ukucha, na kinaitika: ta. Kisipoitika hakijakaa.

Fundi anayebadilisha kioo kwa haraka anafungua mfuniko, anasogeza nyaya hizo, na mara nyingine anazichomoa. Akirudisha, moja inabaki inaning'inia, au inabanwa na bawaba mpaka inakatika ndani bila kuonekana nje. Mteja anawasha, kioo kinang'aa, waifai inaonekana, analipa, anaondoka. Mezani kwa fundi ruta iko karibu, kwa hiyo hata kadi isiyo na waya hata mmoja inaweza kunasa. Shida inaanza nyumbani, nyuma ya ukuta wa pili.

Naandika hivi kwa uchungu kwa sababu nimewahi kumfanyia mtu kosa hilo. Mwaka 2016, hapa kwenye karakana yangu Mkunazini, Unguja, nilibadilisha kioo cha laptopu ya muuguzi mmoja aliyekuwa akisomea shahada kwa njia ya mtandao. Alirudi baada ya wiki saba. Wiki saba zote alikuwa akienda kukaa barazani kwa jirani usiku ili apakie kazi zake, akidhani ruta yake ndiyo mbovu. Nilipofungua, waya mweupe ulikuwa umelala pembeni ya kadi, haujachomekwa. Nilimwomba radhi, nikamrudishia fedha zake. Tangu siku ile mashine iliyofunguliwa mfuniko haitoki kwangu bila kupimwa kwenye chumba cha nyuma, mlango ukiwa umefungwa, na kuta za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa, nyingine unene wake unafika nusu mita.

Kwa hiyo jiulize: kioo kilibadilishwa lini? Kama ni karibu na katikati ya mwaka jana, na vipimo vyako vinaonyesha sebuleni asilimia 90 lakini chumbani 25 au 30, ilhali simu chumbani ina mistari kamili, mrudie fundi yule yule. Mwambie kwa upole: "Naomba uniangalizie nyaya za antena, kwenye kadi na kwenye bawaba." Kama waya umechomoka tu, kazi haizidi nusu saa. Kama umekatika, antena ya kubadilisha ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na laptopu mpya. Simama hapo hapo utazame. Ni mashine yako.

Kabla ya kwenda, jaribu jambo moja lisilo na gharama. Chomeka chaja upime, kisha chomoa upime tena. Ikiwa uzito unakuja ikiwa kwenye betri tu, Windows inaibania kadi umeme. Ingia "Device Manager", fungua sehemu ya "Network adapters", bonyeza mara mbili jina la kadi ya waifai, nenda "Power Management", uondoe tiki kwenye mstari unaoiruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kuna kadi zisizo na ukurasa huo, usihangaike.

Alama za wanafunzi, mpaka mashine ipone, ingizia sebuleni, au omba waya wa mtandao uchomeke moja kwa moja kwenye ruta. Waya hauna habari na kuta.

*Fundi, habari za kazi? Niko Majengo, Mombasa, orofa ya tatu. Chumba cha kulala waifai ilikuwa hafifu, nikanunua ripita nikaiweka kando ya kitanda. Sasa laptopu inaonyesha mistari yote, lakini kasi imepungua kuliko zamani! Nimeuziwa bandia?*
— Msomaji, Mombasa

Huenda ni nzima kabisa, ndugu yangu. Umeiweka mahali pabaya. Ripita haitengenezi intaneti, inasikia na kurudia. Ukiiweka chumbani, pale ambapo mawimbi tayari ni hafifu, inasikia uhafifu huo huo na kuutangaza kwa sauti kubwa. Mistari unayoiona ni ya kutoka ripita hadi laptopu, haikuambii lolote kuhusu ripita na ruta. Isogeze iwe katikati ya njia, mahali ambapo ruta bado inasikika vizuri.

Hata hapo, ripita inayopokea na kutuma kwenye chaneli moja inapoteza karibu nusu ya kasi, maana haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Ukiweza kupitisha waya kutoka ruta hadi kwenye ripita, na kama yako inakubali kufanya kazi hivyo, hasara hiyo inaondoka.

Halafu wewe uko kwenye jengo la majirani wengi. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kama wenzako wote wamejazana kwenye 6, ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague 1 au 11. Laptopu yako ikiwa na gigahezi 5, itumie ukiwa karibu na ruta: ni ya kasi zaidi, ila kuta inazipita kwa shida. Na ruta yenyewe iondoe nyuma ya friji au kioo kikubwa cha kujitazamia. Chuma na vioo vya kujitazamia vinarudisha mawimbi, na maji ya tangi yanayanywa.

*Nalipia megabiti 10 kwa sekunde, lakini nikipakua faili naona 1.2 tu. Je, naibiwa?*
— Mwanafunzi, Dodoma

Hapana, mwanangu, unapata karibu yote. Kampuni inahesabu kwa megabiti, laptopu inakuonyesha kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa 10 kwa 8, unapata 1.25.