Fizikia bila maabara: kwa mwalimu wa Tukuyu

Habari za Tukuyu, mwalimu. Umesema unafundisha kidato cha tatu, maabara haina vifaa, mtandao unasuasua, na unauliza uanzie wapi mtandaoni.

Anza na PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobeli ya fizikia. Ni majaribio ya kuigiza: mwanafunzi anaunga betri, waya na balbu kwenye skrini, akiunga vibaya betri inawaka moto na shule haipati hasara. Ni bure, na mengine yana tafsiri ya Kiswahili. Siku ukienda Mbeya mjini, pakua yale ya HTML5, yaani yanayofunguka kwenye kivinjari cha kawaida, uyaweke kwenye flashi. Darasani yanafunguka bila intaneti.

Kwa kujiandaa wewe mwenyewe, vitabu vya OpenStax, vitabu vya kiada vya bure mtandaoni, vinatosha. Video sizipendi sana, wanafunzi huzitazama kama sinema.

Ila wapimishe na vitu halisi. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100 ya kitabuni. Waulize kwa nini maharage yanachelewa kuiva.